Treni imepita au ipo? Mwongozo kamili wa kufunga vihisi kwenye reli ya mezani

Umeme ulikatika saa moja usiku, treni ya mizigo ikiwa imesimama Kahe. Nazungumzia Kahe yangu, ya treni ndogo za mfano: plaiwudi ya futi nane kwa nne kwenye chumba cha uani, hapa Majengo, Moshi. Baada ya kama dakika kumi umeme ukarudi, bodi (kompyuta ndogo inayoongoza treni na taa) ikaamka, taa ya kijani ikawaka, na treni ya abiria ikatoka stesheni ya Moshi ikaenda kuivaa ile ya mizigo kwa nyuma. Mabehewa mawili yalikuwa sakafuni, ndoano ya kichwa imekatika. Mpwa wangu, yuko darasa la sita, akaokota behewa moja akaligeuzageuza. "Mjomba, si ulisema vihisi vinaona?"

Vilikuwa vinaona, ila mimi niliviuliza swali ambalo si lao. Vihisi viwili vya sumaku, kimoja mlangoni mwa Kahe na kingine mwisho wake, vilikuwa vinaiambia bodi "imeingia" na "imetoka". Bodi ilipozimika ikasahau hesabu. Ilipowaka ikaanza na sifuri, na sifuri kwake maana yake njia ni nyeupe.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kuomba ushauri namuuliza kwanza: unataka kujua treni imepita, au treni ipo? Kupita ni tukio. Kuwepo ni hali. Vifaa vyake ni tofauti, nyaya zake ni tofauti, na ukivichanganya utaokota mabehewa. (Mafundi wengi hapa mjini wanasema "sensa". Mimi nasema kihisi, maana nyumbani nikisema sensa mama anauliza kama makarani wamerudi kuhesabu watu.)

Chora kwanza, usinunue kitu

Chukua karatasi uchore reli yako yote, hata kama ni duara tupu. Yangu ni kipande cha njia ya Tanga: Moshi upande mmoja, Kahe upande wa pili ambako njia ya kutoka Voi inaungana, na katikati mstari mmoja tu. Reli ya kweli ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, Arusha ikafikiwa 1929, na upana wake ni mita 1. Mezani natumia skeli ya HO, yaani 1:87, yenye reli za upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata kama milimita 1,435, ambao ni upana wa SGR. Kwa reli yetu ya zamani ningehitaji reli za milimita 12, ambazo ni adimu na bei yake inauma. Mgeni akiniambia "kumbe hii SGR" nanyamaza.

Sasa pitia mchoro na kalamu. Pale unapotaka jambo litokee treni inapofika, kama geti la barabara kushuka, honi kulia au mwendo kupimwa, andika P ya kupita. Pale ambapo treni nyingine hairuhusiwi kuingia mpaka hii itoke, zungushia kipande kizima na uandike K ya kuwepo. Kwangu zimetoka P nne na K tano. Hiyo ndiyo orodha ya manunuzi.

Vihisi vya P: sumaku

Rahisi kuliko vyote ni swichi ya ridi: kichupa cha kioo chenye vibati viwili vyembamba ndani, sumaku ikikaribia vinagusana. Haihitaji umeme wake, ina nyaya mbili tu. Unaibandika katikati ya reli, sumaku ndogo unaigundisha chini ya kichwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sumaku ikitazama chini, yaani ncha moja juu na nyingine chini, na ikapita kwa kufuata urefu wa kichupa, swichi inafunga mwanzoni, inaachia katikati, inafunga tena mwishoni. Treni moja inahesabiwa mbili. Laza sumaku ili ncha zake zifuate urefu wa kichupa. Hapo kwa kawaida inafunga mara moja, mradi sumaku isiwe karibu mno. Jingine ni kioo. Ukikunja mguu wa swichi karibu na kichupa, kinapasuka hata kabla hujakilehemu. Shika mguu kwa koleo kati ya kioo na mahali pa kukunja, koleo ndilo libebe nguvu. Nimevunja vitatu kabla ya kujifunza. Na usiipitishie mkondo wa mota ya kubadili njia, vibati vinagandana. Kazi yake ni kuipa bodi ishara, basi.

Kihisi cha Hall kinafanya kazi hiyohiyo bila kitu cha kugusana ndani, kwa hiyo hakichoki. Kinachopatikana kirahisi ni A3144, miguu mitatu: umeme, hasi na ishara. Kinataka kuanzia volti 4.5, hivyo kwenye bodi ya volti 5 kinakaa vizuri. Mguu wa ishara unaweza tu kuvuta chini, hauwezi kusukuma juu; weka rezista (kipingamizi cha mkondo) ya kilo-omu 10 kati yake na volti 5, ndiyo inayoitwa ya kuvuta juu. Kinaitikia ncha ya kusini ikitazama uso wenye maandishi. Kama hujui kusini ni ipi, washa kihisi, weka mita kwenye ishara, sogeza sumaku upande mmoja kisha mwingine. Upande unaoangusha volti mpaka karibu sifuri ndio wako. Weka alama ya peni kabla ya kuibandika, maana gundi ikishakauka utabaki kulaumu kihisi.

Na angalizo la kwetu watu wa milimani. Mchanga mweusi wa mtoni unapendeza sana kama kokoto za reli, nami niliumwaga bila kufikiri. Wiki ya pili sumaku chini ya kichwa ilikuwa imeota ndevu. Mchanga wa volkano una chembe za chuma, zinapanda kwenye sumaku na kutoka hapo zinaingia kwenye gia. Pitisha sumaku kubwa iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mchanga wako kabla ya kuugundisha. Kinachobaki kwenye mfuko, tupa.

Mwanga, wenye tabia zake

TCRT5000 ni kihisi cha mwanga chenye macho mawili: la bluu linatoa mwanga wa infraredi, jeusi linapokea ukirudi. Unaitobolea tundu katikati ya reli ikitazama juu, na tumbo la treni linarudisha mwanga. Faida kubwa ni kwamba hubandiki kitu kwenye treni. Hasara zake nitazieleza, kwa sababu ndicho kihisi kinachouzwa sana na kinachotukanwa sana.

Upana wake ni kama milimita 10, kwa hiyo kinaingia kati ya reli za HO kikilazwa kwa kukingama, ila lazima utoe taruma moja. Toboa kwa keekee ya milimita 6, matundu mawili yanayopakana, kisha safisha kwa kisu. Kichwa cha kihisi kikae chini ya usawa wa reli, la sivyo ndoano zitakikwangua. Kinaona vizuri zaidi kitu kilicho milimita chache tu mbele yake, na kikifika umbali wa sentimita moja na nusu kinaanza kubahatisha.

Kama umenunua jicho tupu bila bodi yake ndogo, upande wa bluu weka rezista ya omu 220 kutoka volti 5. Utapata kama miliampea 17. Upande mweusi weka kilo-omu 10 ya kuvuta juu. Ukinunua moduli yenye skrubu ya kurekebisha, kazi hiyo imeshafanywa. Washa, elekeza kamera ya simu kwenye jicho la bluu: utaona mng'ao wa zambarau ambao macho hayauoni. Usipouona kwa kamera ya nyuma jaribu ya mbele, kwa kuwa simu nyingine zina kichujio nyuma.

Shida ya kwanza ni tumbo jeusi. Kichwa changu cha dizeli kina chini nyeusi ti, kinameza mwanga wote. Kwa kihisi, hakuna treni. Kipande cha selotepu nyeupe cha sentimita mbili kilimaliza ubishi. Shida ya pili ni jua. Dirisha langu linatazama mashariki, na kila siku saa mbili asubuhi mlima ukiwa wazi, vihisi vitatu vilikuwa vinaona treni ambayo haipo. Nilipoteza Jumamosi mbili nikibadilisha rezista. Dawa ilikuwa pazia.

Shida ya tatu ni nafasi kati ya behewa na behewa. Kihisi kinaona behewa, kinaona upenyo, kinaona behewa, na bodi inahesabu treni saba. Hili linatibiwa kwenye programu, nitalifikia. Au tumia njia ya miale: kitoa mwanga upande mmoja wa reli, kipokezi upande wa pili, lakini visitazamane moja kwa moja. Viweke mshazari, kama nyuzi 45, ili mwale usipate upenyo wa kupita katikati ya mabehewa. Kwenye stesheni naificha miale hii ndani ya vibanda vya kadibodi.

Kuna pia LDR, ile rezista inayobadilika na mwanga wa chumba. Ni bei chee na inafaa kumfundishia mtoto. Ila inategemea taa ya chumba, na nimeshaanza makala hii kwa kueleza umeme wetu.

Angalia kitu kimoja: mwanga unajibu P na pia K, lakini K ya mahali hapohapo pa sentimita chache. Treni ikisimama kipande hicho hicho ila nusu mita mbele, kihisi hakiijui.

Vihisi vya K: umeme wa kwenye reli

Kipande kizima kinalindwa kwa kupima mkondo. Wazo hili si la wachezaji. Mmarekani William Robinson alipata hataza yake mwaka 1872: kata reli, tenga kipande, magurudumu ya chuma yenyewe yatangaze kwamba treni ipo. Sisi tunafanya jambo la jamii hiyohiyo.

Reli moja iache nzima, ndiyo ya pamoja. Reli ya pili ikate kwa wembe wa msumeno wa chuma kila mwanzo na mwisho wa kipande. Kwenye ufa ingiza plastiki, kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa, tia gundi, kisha piga tupa mpaka iwe sawa na reli. Usipoziba, siku ya joto reli zitatanuka na kugusana, na utatafuta shoti mpaka usiku. Sasa kila kipande kina waya wake.

Kwenye waya huo, kabla haujafika kwenye reli, weka diodi (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) nne za 1N4007: mbili zilizofuatana zinazoelekea huku, na mbili nyingine kwa ubavu wake zinazoelekea kule. Treni ikivuta mkondo, upande wowote inakokwenda, kati ya ncha za kundi hilo kunakuwa na kama volti 1.4, na kidogo zaidi mzigo ukiongezeka. Volti hizo zinawasha optokapla ya PC814, kifaa kinachovusha ishara kwa mwanga, ambayo ndani ina LED (vitaa vidogo) mbili zilizogeuziana, kupitia rezista ya omu 22. Upande wa pili wa optokapla ni transista, swichi inayofungwa na mwanga huo: mguu mmoja hasi ya bodi, mwingine kwenye pini ya bodi pamoja na rezista ya kilo-omu 47 ya kuvuta juu na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda hasi. Ndani ya optokapla umeme wa reli na umeme wa bodi haugusani, na hilo ndilo lililonifanya nisiunguze bodi mpaka leo.

PC817, dada yake, ina LED moja tu. Inaona treni ikienda, haiioni ikirudi. Muuzaji akikwambia ni kilekile, mrudishie.

Zile volti 1.4 zinatoka mfukoni mwa treni. Kama kipande kimoja kina diodi na jirani yake hakina, treni itapunguza mwendo ikiingia na kuruka ikitoka. Weka diodi kila kipande, hata kile usichohitaji kukipima.

Mabehewa hayavuti umeme, kwa hiyo treni ikiacha behewa nyuma, kipande kitasema kiko wazi. Unganisha rezista kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la behewa la mwisho, kwa rangi maalumu yenye kupitisha umeme au kwa waya mwembamba. Watu wengi hutumia kilo-omu 10. Kwa saketi hii rahisi mkondo wake ni mdogo mno, mimi nimetumia kilo-omu 2.2, inayovuta kama miliampea 5 kwa volti 12. Hakikisha ekseli yenyewe ina plastiki ya kutenga, la sivyo umetengeneza shoti inayotembea.

Ukiletewa seti ya Märklin kutoka Ujerumani, kama ilivyomtokea jirani yangu wa Rau, kazi ni nyepesi zaidi: treni hizo huchukua umeme kutoka vidoti vya katikati, na reli mbili zote ni upande mmoja wa saketi. Tenga reli moja ya kipande, ekseli zitaiunganisha na mwenzake. Hiyo ni swichi tayari, bila diodi hata moja.

Treni iliyosimama

Kwenye mfumo wa DCC, ambao treni huongozwa kwa amri za kidijitali, reli zina umeme muda wote, hivyo treni iliyosimama inaonekana. Sisi wengi tuna mfumo wa kawaida wa volti 12, ambapo kusimama maana yake umeme sifuri. Hakuna umeme, hakuna mkondo, kihisi hakioni kitu. Treni ipo palepale na bodi inaapa haipo.

Kama unaendesha kwa kisanduku cha kuzungusha kitasa, weka miale ya mshazari mahali treni zinaposimama, na uzizoeze kusimama hapo. Kama bodi yenyewe ndiyo inayotoa mwendo, kwa kupitia moduli ya kuendesha mota ya L298N kwa mfano, kuna ujanja ambao naupenda kuliko vyote kwenye meza yangu: kila nusu sekunde, treni ikiwa imesimama, programu inatuma mpigo wa milisekunde 10 kwenye reli na kusoma optokapla wakati huohuo. Kichwa kinatetema kidogo lakini hakiendi. Ukitega sikio unasikia "tik, tik" kama saa ya ukutani. Kama chako kinajongea, punguza mpigo.

Nyaya na programu

Kila kihisi kipe waya wake wa ishara na uusokote pamoja na waya wa hasi. Usiulaze kando ya waya wa mota za kubadili njia. Mota ikipiga, kihisi cha jirani kinapiga kelele. Umeme wa vihisi utoke kwenye adapta tofauti na ya reli. Andika namba kwenye kila waya ncha zote mbili, kwa karatasi na selotepu. Chini ya meza nyaya zote zinafanana.

Kwa bodi, Arduino Uno inatosha kuanzia, na inapokea volti 5. Ukitumia ESP32 kumbuka pini zake ni za volti 3.3, kila rezista ya kuvuta juu iende kwenye 3.3, usiipeleke kwenye 5.

Programu ina sheria mbili kubwa. Kwa P: ishara ikija, iamini, kisha ziba masikio kwa muda. Milisekunde 50 zinatosha kwa mtetemo wa swichi ya ridi. Kwa TCRT5000 inayoona upenyo wa mabehewa, subiri kiza kikamilike sekunde mbili ndipo useme treni imekwisha. Kwa K: amini haraka, sahau polepole. Kihisi kikisema "ipo", funga njia papo hapo. Kikisema "haipo", subiri sekunde moja na nusu ya ukimya kabla ya kufungua, kwa sababu gurudumu chafu linakata umeme kwa kufumba na kufumbua, na mipigo ya nusu sekunde nayo inahitaji nafasi. Muda huo pima kwa millis (saa ya ndani ya bodi), usitumie delay (amri ya kusubiri), kwani bodi iliyolala kwenye delay haioni treni ya pili.

Ukishakuwa na P mbili, mwendo unaupata bure. Zangu ziko milimita 200. Treni ikitumia sekunde 1.6, ni milimita 125 kwa sekunde. Zidisha kwa 87, ni kama kilomita 39 kwa saa. Mpwa alibandika ubao wa 40 pale, na bodi inaandika faini.

Umeme ukirudi

Hili ndilo ningelifanya kabla ya mengine yote. Bodi ikiwaka, ianze na kila taa nyekundu na kila kipande "kina treni". Ipige mipigo yake, isome K zote kwa sekunde tano, ifungue zile tu zilizonyamaza muda wote huo. Hesabu za P zisizoweza kusomwa upya, kama namba ya treni iliyo kwenye kipande fulani, ziandike kwenye EEPROM ya bodi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Uno ina kilobaiti 1, na kila seli inavumilia kuandikwa kama mara 100,000, hivyo andika hali inapobadilika tu. Usiandike kila mzunguko wa programu. Mwishowe weka kitufe: hakuna kinachotembea mpaka mtu atazame meza na akibonyeze. Nilijaribu kukwepa haya kwa pawabenki, lakini ile yangu ikiona bodi inakula umeme kidogo inadhani simu imejaa, inajizima.

Jaribio nilimwachia mpwa. Alikaa mlangoni kwenye swichi ya ukuta, ruhusa ya kuzima wakati wowote bila kunitazama. Mara nane taa nyekundu zilirudi mahali sahihi. Mara ya tisa kichwa kilikuwa kimesimama juu ya ufa, magurudumu ya mbele Kahe, ya nyuma bado njiani, na bodi ikawasha nyekundu vipande vyote viwili. Nikavuta kompyuta nirekebishe programu.

"Mjomba, lakini si ipo kote kote?"

Nikaifunga kompyuta.